Toleo la Leo Limeahirishwa, na Mutua Anajua Sababu

Wasee, leo nimemfokea mwenzetu Mutua mbele ya walimu kumi na sita, na siombi msamaha.

Mnakumbuka tulivyokubaliana kwenye barua pepe. Programu yetu ya bure ya kuweka alama za wanafunzi inatoka leo, Jumamosi. Ndiyo, kila mtu ana ruhusa ya kuifungua na kuirekebisha. Lakini tangu Jumatatu, hakuna kuigusa. Hakuna!

Nimeijaribu wiki nzima. Ilikuwa inafanya kazi vizuri.

Basi leo tuko ukumbi wa kanisa hapa Kariobangi, tunawagawia walimu disketi zenye programu. Mwalimu Nafula, aliyebeba kompyuta yake kutoka mtaa wa Lucky Summer, akawa wa kwanza kuiingiza.

Alama zake zote zikafutika. Za muhula mzima.

Nikamgeukia Mutua. "Umegusa nini?"

"Nimebadilisha rangi tu, asubuhi. Kitu kidogo."

Rangi!

Nikamfokea hapo hapo. Nikapita kiti kwa kiti nikizichukua tena disketi, walimu wakinitazama kana kwamba ninawaibia. Aibu hiyo nimeibeba mimi, si yeye.

Mwalimu Nafula hakupiga kelele hata kidogo. Alitoa daftari la alama kwenye mkoba, akavuta kiti kando ya kompyuta.

"Mutua, keti hapa. Mimi nasoma, wewe unaandika. Ni madarasa manne."

Nimewaacha huko, bado wako kwenye darasa la kwanza kati ya hayo manne.

Toleo limeahirishwa hadi nitakaposema. Anayeona nimekuwa mkali aje ukumbini amwambie Mwalimu hivyo.