Mtihani wa Barafuni wa Wifi Yangu Thuraya

Thuraya binti Khalaf bin Marzouq. Mjukuu wa Marzouq aliyeuza shamba la mikarafuu ili mabinti wa ukoo wake wasome. Binti wa Khalaf, fundi saa wa Mkunazini, Unguja, aliyezitengeneza saa za misikiti na asipokee ujira. Na yeye mwenyewe mkunga wa Ibra, aliyezalisha watoto zaidi ya elfu na hakuna mama aliyemfia mikononi. Nayaandika haya kwa sababu watoto wa siku hizi wanachokijua juu yake ni kuteleza kwenye barafu tu, tena wanacheka.

Alikuwa dada wa mume wangu, Ghanim. Tulirudi Oman mwaka 1974, tukakaa nyumba moja Ibra pamoja na mama yao, Bibi Ghaniya. Vyeti vya ukunga vya Thuraya vilipotea siku tulizotoka Unguja. Kila mwaka karani wa hospitali alimuuliza, "Shahada wen? Cheti kiko wapi?" Yeye humhesabia watoto aliowazalisha, na karani huandika "msaidizi" vilevile. Thuraya hurudi nyumbani, akala, akaosha sahani kwa nguvu.

Mwaka 1986 pakafunguliwa Maskati uwanja wa barafu. Alikwenda Alkhamis moja na wauguzi wenziwe, kwa kutazama. Umri wake arubaini na moja. Huko kulikuwa na fani tatu kwa watu wazima: kuruka na kuzunguka, kuchora duara kwa makali ya kiatu, na dansi ya watu wawili. Dansi ndiyo iliyomshika. Kila dansi ina njia yake, hatua zimehesabiwa, na mwisho wa msimu angekuja mwalimu wa kutoka Ulaya kuwatahini. Anayezicheza dansi tatu za mwanzo bila kupotea huandikiwa cheti, hata akiwa ajuza.

"Cheti chenye jina langu, wifi," aliniambia. "Hata kiwe cha kuteleza. Nataka kimoja."

Lakini dansi ni mwanamke na mwanamume, wameshikana mikono, na Thuraya hakuwa na mume. Ghanim akajitolea. Alikanyaga barafu mara moja, akaanguka, akavunjika kifundo cha mkono. Akarudi na bandeji. "Mimi nimeumbwa kwa ardhi," akasema. "Katafuteni ndugu mwengine."

Bibi Ghaniya ndiye aliyempata. "Si yupo Marhun, mwana wa Kaltham? Kaltham alipougua homa ya matumbo nilimnyonyesha mwanawe miezi miwili. Huyo ndugu yenu wa ziwa moja. Kuolewa naye haramu, kumshika mkono halali."

Kaltham alikwishakufa, nasi hatukuwa na sababu ya kumhoji mama. Marhun alikuwa mwalimu mji wa Sur, hajaoa, mpole. Alikubali, akacheka sana. Kuanzia siku ile akamwita Thuraya dada, naye akamwita kaka. Miezi minane walikutana Maskati kila Alkhamis. Siku nyengine Marhun akija kwetu walichora njia ya dansi kwa chaki uani na kuzipiga hatua kwa viatu vya kawaida, mimi nikiwahesabia. Jirani aliona ile michoro akadhani talasimu.

Siku mbili kabla ya mtihani alitufikia mgeni kutoka Unguja, Bi Shukriya, ndugu yake Kaltham. Hata kahawa hajamaliza, akachungulia uani.

"Yule si Marhun wetu? Mbona kamshika mwanao kiunoni?"

"Ndugu yake," akasema Bibi Ghaniya. "Nilimnyonyesha. Umesahau?"

"Uliyemnyonyesha ni Nadhir, da Ghaniya. Yule mkubwa, aliyekufa na surua. Huyu hakuwa hata tumboni! Nimempokea mimi kwa mikono yangu, mwaka wa pili baada ya ile homa."

Bibi Ghaniya alianza kuhesabu kwa vidole, nani kazaliwa lini. Akafika kidole cha nne, akaacha. Akajifunika uso kwa leso. Uani hesabu yangu ilikwishakatika, na Thuraya alikwishamwachia Marhun mkono. Walikuwa wamesikia.

Kesho yake baada ya alasiri Marhun alikuja, akakaa na Ghanim barazani, mlango wazi, sisi wanawake ndani.

"Kama si dada yangu, hakuna kinachotuzuia kuoana," akasema. "Kadhi yupo. Kesho tunacheza, na hakuna mwenye neno."

Bibi Ghaniya akasema alhamdulillahi. Thuraya akajibu kutoka ndani, sauti kavu.

"Miezi minane nimekwita kaka. Nimekuegemea kwa kuwa ni kaka. Leo nigeuke mkeo ili nipate karatasi?"

"Si kwa karatasi tu," akasema Marhun.

Afadhali asingelisema. Thuraya alikaa chini pale pale alipokuwa, akaitazama mikono yake kama ya mtu mwengine. Marhun akaondoka zake Sur.

Alkhamis tulikwenda Maskati mimi naye. Alimwomba mtahini acheze peke yake. Yule bibi wa kizungu alimruhusu, akamtazama dansi zote tatu. Thuraya aliteleza, mkono wa kushoto ameuinua pale lilipokuwa bega la mtu. Hakupotea hata hatua moja. Mtahini akamwambia kwa upole kwamba hatua ni sahihi, lakini dansi ile ni ya wawili, hawezi kumwandikia.

Mjini watu walimsema. Miezi minane, mtu na mwanamume kando, si ndugu! Waja wazito wawili wakaenda kwa mkunga mwengine. Bibi Ghaniya hakutaka kula, akimwomba radhi mwanawe asubuhi na jioni, na Thuraya akimwambia, "Mama, hukusema uongo. Ulisahau."

Wiki ile akamwita binti yangu Hamda, aliyekuwa amemaliza skuli, akampa daftari jipya.

"Anza na bibi yako, nguvu anazo bado. Kisha nyumba kwa nyumba, mpaka kwa wale wetu walioko Sinaw na Sur. Uliza nani kamnyonyesha nani, mwaka gani, na nani aliyeona. Usikubali kuambiwa 'mwana wa fulani'. Andika jina la mtoto. Na wakongwe uwatangulize, mwanangu, hawatakungoja."