Alichosema Shore

Mama alihamia kwangu jijini, mtaa wa Pipeline, baada ya kumzika baba. Alikuja na gunia la mtama na desturi zote za kijijini kwao, upande wa magharibi. Kwao, ndege aitwaye shore akilia karibu na mlango, anasema mgeni yuko njiani, na anayepika huongeza kiganja cha unga kwenye ugali. Mgeni asipotokea, kiporo huliwa asubuhi na chai, wala hakuna anayemlaumu ndege.

Sikudhani shore angefika ghorofa ya nne, kwenye kamba za nguo. Alifika, na mama alifurahi kama aliyekutana na mtu wa kwao.

Jumamosi moja kina mama wa kanisa walikuja kwangu kwa maombi. Nilikuwa nimepiga deki na kutandika vitambaa vyeupe kwenye viti, najifanya mtu wa Buruburu, mtaa wa wenye uwezo. Katikati ya Neno la Mungu, shore akalia dirishani. Mama akainuka akicheka.

"Kuna mwingine anakuja. Wacha niongeze unga."

Mke wa mchungaji akakunja uso. Mwingine akakohoa. Nami, badala ya kucheka na mama yangu, nikasema kwa sauti ya kusikika, "Mama, hapa tumeokoka. Hayo mambo ya ndege ungeyaacha huko kijijini."

Akaketi. Akaomba msamaha, yeye, kwangu mimi, mbele ya wageni. Hadi leo nikikumbuka naona aibu hata nikiwa peke yangu. Maana shore alipolia, nilimwelewa kabla ya mama. Nimelelewa na sauti hiyo. Mwacha asili ni mtumwa, nami niliiacha yangu kwa kuogopa kikohozi cha mtu.

Tangu siku hiyo mama hakutaja ndege tena. Shore alikuja, akalia, akaenda zake. Yeye akaendelea kuchambua mboga.

Wiki iliyopita shore alilia tena nikiwa jikoni nasonga ugali. Binti yangu wa miaka sita akamvuta nyanyake leso.

"Kukhu, huyo ndege anasema aje?"

Mama aliniangalia kwanza, kama anayeomba ruhusa. Kisha akasema, "Sijui, mjukuu wangu. Ndege wa huku siwaelewi."

Ningeweza kumjibu mtoto. Nilijua jibu. Niliwapa mgongo, nikaongeza kiganja cha unga kwenye sufuria.