Musuku wa Mama

Nilipokuwa mtoto pale Bel-Air, lupango letu, yaani uwanja wa nyumba yetu, lilikuwa kichekesho cha mtaa mzima. Wenzetu walifagia udongo wa nyumbani kwao hadi ukang'aa, au walimwaga saruji. Mama yangu alijaza uwanja wetu nyasi na maua aliyoyachimbua porini, na katikati akapanda musuku, mti wa porini uzaao matunda yaitwayo masuku.

"Mama, unachunga banyoka?" majirani walimtania. Alicheka tu. Alikulia kijijini, na masuku ya sokoni, alisema, hayana utamu wa yale yanayoangukia mlangoni pako.

Kaku, mama yake baba, hakucheka. Siku moja tukichambua matembele aliniambia, "Muti ya pori, mutu akiipanda mu lupango, siku itazala matunda, ye anakufa."

Nilikuwa na miaka tisa. Niliamini kila neno, wala sikumwambia mtu. Mti ulipozaa mara ya kwanza, niliukwea mama akiwa sokoni, nikachuma vitunda vyote vingali vidogo kama maharage, nikavitupa chooni. Mwaka uliofuata nikafanya vilevile, na uliofuata tena. Nilijiona mlinzi wa uhai wake na, Mungu anisamehe, nilijivuna.

Mama alikuwa akisimama chini ya mti akikagua matawi. "Pengine mukono yangu haiko muzuri ya kupanda," alimwambia baba. Iliniuma sana, lakini nilinyamaza. Heri mama mwenye huzuni kuliko kukosa mama.

Nilipofika miaka kumi na mitatu aliugua figo, akawa hatoki kitandani. Asubuhi moja aliniita.

"Musuku iko na matunda huu mwaka?"

"Iko nayo, mama."

Akatabasamu, mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. "Basi, nitayangojea."

Alfajiri ileile nilikuwa nimeyatoa yote, hata lile la kileleni.

Alikufa kabla mvua hazijaanza, na masuku huiva wakati wa mvua. Leo nami nina watoto, na simlaumu Kaku. Alinionya kwa kuwa alitupenda, na mimi nilitenda kwa kuwa nilimpenda mama. Upendo huo bado unanitoa machozi nikiwa peke yangu jikoni. Sijui kama kuungoja msimu wa masuku kulimwongezea siku. Najua tu kwamba alijikaza kuungojea, na kule juu ya mti hakukuwa na kitu.