Matanga ya Pikipiki Ufukweni

Mimi nishawahi kufiwa na pikipiki.

Sitanii. Mikeka ilitandikwa, akina mama wakalia, kahawa ikapita. Mfiwa mkuu nikiwa mimi.

Naitwa Castory, mtu wa Old Korogwe. Babu yangu Mnyamwezi, alikuja huku kukata mkonge na Tabora hakurudi tena. Shule niliacha mapema. Mimi na darasa tulikuwa hatuelewani.

Hiyo pikipiki haikuwa yangu. Ilikuwa ya shemeji Elisha, mume wa dada yangu Rhoda. Jamaa alinibania sana, dada ndiye aliyenipigania mpaka nikakabidhiwa funguo.

"Ikipata hata mkwaruzo," shemeji akaniambia, "wewe na boda basi. Utarudi kubeba mizigo stendi."

Nikamwambia naenda Mazingara, kumsaidia mshikaji wangu Faraji kutoa mahindi shambani.

Mazingara nilifika kweli. Mahindi ndiyo sikuyagusa.

"Mwana, twende baharini," Faraji akasema. "Kwa shangazi yangu. Unapita Kwamsisi, unateremka, umefika."

Mimi nimezaliwa mkoa wa Tanga na bahari nilikuwa naiona kwenye kalenda. Ningekataaje?

Jina la kijiji naficha, bado wananicheka kule.

Tukafika kwenye saa nne asubuhi. Njia ya juu ni mchanga mtupu, tairi linazama, unasukuma kuliko unavyopanda. Faraji akasema tushuke ufukweni.

Oya! Mchanga mgumu kama lami. Hakuna tuta, hakuna trafiki. Wenyeji wanapita na baiskeli, matenga ya samaki nyuma. Nikafungulia mpaka Faraji akaanza kunipiga mgongoni nipunguze.

Bahari yenyewe ilikuwa kule mbaali, imetulia kama haituhusu.

Shangazi yake, Bi Mwaija, anakaa juu kwenye minazi. Tukamwamkia, akatupokea vizuri, na chumba kashatandika. Nikachungulia. Kitanda cha kamba. Choo nje. Bahari huioni.

"Shangazi, asante," nikasema, "ila mimi nitalala kule chini. Nimeona vyumba, vina feni."

"Kwa Sufiani? Si hapa kuna kitanda?"

"Hicho mlazie mbuzi."

Faraji akashika kichwa. Bi Mwaija akaniangalia juu mpaka chini.

"Kabila gani wewe?"

"Mnyamwezi."

Mama akapiga makofi, akacheka mpaka khanga ikamdondoka. Yeye Mzigua, na Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za mababu. Mtani anakutukana na hukasiriki. Ukifiwa, anakuja kukufanyia vituko msibani, anachukua kitu chako, na hakitoi mpaka umkomboe.

"Mtani wangu huyu! Babu yako kaja kwa miguu toka Tabora, kalala kwenye mkonge. Leo mjukuu anataka feni?"

"Mzigua wewe ukipewa feni si utaifunika blanketi, uogope itapata baridi."

"Haya nenda. Ila ukifikwa na jambo, wa kuja kukulilia ni mimi."

Nikashuka. Sufiani, kijana mwenye vile vyumba, akanipa kimoja, dirisha linatazama maji. Safi kabisa. Pikipiki nikaiegesha pale mbele, chini kwenye mchanga mgumu, niione nikiwa kitandani.

"Castory, usiweke hapo," Faraji akasema. "Hapo ni barabara."

"Gari liko wapi?"

Akatabasamu. Lile tabasamu ningelielewa, nisingekuwa naandika hapa.

Mchanga ulikuwa na unyevu, nikajua umande. Juu karibu na ngazi za Sufiani kulikuwa na mstari wa majani meusi yamekauka, na vijiti, na kandambili moja. Nikasema moyoni, hawa watu hawafagii.

Nikala wali wa nazi na samaki, nikawasha feni, nikalala fofofo.

Nilipoamka, nilisikia kelele kama lori la mkonge linapanda mlima. Nikafungua dirisha.

Bahari ipo kwenye ngazi.

Pikipiki haipo.

Niliruka na nguo zangu zote. Kuogelea sijui. Nikawa naingia mpaka kifuani, napapasa chini kwa miguu, wimbi linanirudisha, naingia tena. Nilikanyaga kitu kigumu nikapiga kelele, "Ipo! Ipo!" Ilikuwa jiwe.

Faraji kakaa barazani anakula muwa.

"Faraji! Pikipiki!"

"Nilikwambia hapo ni barabara. Maji yakija, barabara inafungwa."

Nikakaa kwenye ngazi nikaanza kulia. Kulia kweli, makamasi. Nilikuwa namwona Elisha, namwona dada yangu anavyoambiwa "si nilikwambia", naiona stendi na magunia yake.

Ndipo nikasikia wenzangu wanalia.

Bi Mwaija anakuja, khanga kichwani, nyuma yake akina mama na mikeka.

"Uwiii! Katutoka! Alikuwa mpole, ukimpa mafuta anakwenda, hakuwahi kuchagua pa kulala!"

"Ameacha nini?" mmoja akauliza.

"Ameacha helmeti!"

"Uwiii!"

Sufiani akaja na birika la kahawa. Nikashikishwa kikombe, nikanywa. Sasa ningefanyaje?

"Mfiwa," Bi Mwaija akaniambia, kakaza uso, "msiba haufichwi. Wapigie ndugu wa marehemu. Weka sauti kubwa, na sisi watani tusikie."

Nikapiga. Shemeji akapokea.

Nataka nimwambie ukweli, wallahi. Mdomo ukajiendea.

"Shemeji, pikipiki imeibiwa. Hapa Mazingara."

Akina mama wakatazamana.

"Imeibiwa? Pole sana, Castory," shemeji akasema, mpole hadi nikaogopa. "Hapo Mazingara kuna mvua?"

"Hapana, shemeji."

"Mbona nasikia maji?"

"Ni... upepo kwenye mahindi."

Nyuma yake nikasikia dada Rhoda anacheka mpaka anakohoa.

"Castory, nina picha yako hapa kwenye simu, upo baharini na shati. Kanitumia huyo Faraji wako. Nina na ya pikipiki, ipo nyumbani kwa shangazi yake, kavu. Waliisogeza ulipolala."

Nikageuka. Faraji kaficha uso kwenye muwa.

Nikaruka juu kwa furaha. "Shemeji, kumbe ipo! Asante Mungu, naileta!"

"Unaleta nini? Ya kwangu imeibiwa Mazingara, umesema mwenyewe. Hiyo ya huko pwani siyo yangu. Mama, unanisikia?"

"Nakusikia, baba," Bi Mwaija akajibu.

"Chukua."

Akakata.

Vigelegele vilivyopigwa pale, sijavisikia hata harusini. Funguo zangu, kumbe walizichukua nikiwa usingizini, zilikuwa zimefungwa kwenye pindo la khanga ya Bi Mwaija, na yeye ananiangalia kama mtu aliyenunua punda.

Niliikomboa pikipiki kwa jasho. Maji nilibeba toka kisimani asubuhi na jioni. Makuti nilisuka mpaka vidole vikachubuka, paa la jiko likaisha. Kila mpita njia ananipa pole ya msiba.

Aliponiachia, aliifungia pikipiki samaki wakavu nimpelekee dada Rhoda, akasema nimsalimie na shemeji. Shemeji akala samaki, akachukua funguo, akaniambia nimkumbushe pikipiki mwakani. Stendi ya Korogwe ukiniona na gunia kichwani, nisalimie.

Kwa hiyo ndugu zangu wa bara mnaopenda kushuka pwani: kabla hujauliza bei ya chumba, uliza maji yanafika wapi.

Na kama ni lazima umdanganye mtu kwa simu, sogea mbali na bahari. Ile kitu haijui kunyamaza.