Makande ya Mahabusu

Nimeunguza makande tena, mimi ninayeshinda nyumbani kutwa, jiko likiwa mbele ya pua yangu. Harufu ile ikanirudisha kituo cha polisi, Karatu. Baba, mtangazaji wa redio yetu ndogo, alikuwa mahabusu kwa kutangaza kwamba ng'ombe wa watu wamekamatwa na askari wa hifadhi, Ngorongoro. Mama alimpelekea makande yaliyoungua, nami, mtoto bado, nikamfuata. Askari akataka mleta chakula aonje kwanza. Nikajitolea mimi, nikaonja karibu nimalize.

"Aombe radhi redioni, leo hii alale kwake," askari akamwambia mama.

Mama akafunika hotpoti, akakaa kwenye benchi. Aliyejibu ni jirani yetu, mama wa Kimasai aliyetusindikiza:

"Afande, ng'ombe wangu walikamatwa kweli. Sasa aombe radhi ya nini?"