Funguo za Waliohama

Marehemu kaka yangu mtaa mzima ulimwita Kitasa. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye kitambulisho tu, na nadhani hata malaika walipokuja kumchukua waliuliza, "Kitasa ni yupi hapa?"

Alikuwa fundi wa vitasa na makufuli. Kibanda chake kilikuwa kwenye kona, kati ya duka la dawa na muuza nguo za mitumba. Kilikuwa chembamba kiasi kwamba mtu akinyoosha mikono aligusa kuta zote mbili. Ndani mlikuwa na meza, kopo la tupa, na mashine ndogo ya kuchonga funguo iliyolia kama mtoto aliyenyimwa. Nyuma ya kiti chake palikuwa na ubao wenye misumari, na kwenye misumari hiyo zilining'inia funguo ambazo hazikuwa za kuuza.

Zilikuwa funguo za waliohama. Mtaa wetu umehama kidogo kidogo, kama sufuria inayovuja. Leo anaondoka muuguzi, kesho kutwa dereva na familia yake, na kila aliyekwenda nchi za watu alipita kwanza kwa kaka. "Kitasa, mlango uliufunga wewe, basi ufunguo kaa nao wewe." Alikaa nao. Jumamosi alizunguka nyumba zile tupu, akafungua madirisha hewa ipite, akafungulia maji yatoke kutu, akavipulizia vitasa unga wa risasi ya penseli visigande. Alikuwa akisema nyumba isiyokaliwa huoza kama jino: haikwambii kitu mpaka siku ya kuuma.

Muuza mitumba, jirani yake, hakuacha kumchokoza.

"Kitasa, wenzio wote wamekwenda. Wewe unaondoka lini?"

"Nikiondoka nani atawafungulia wakirudi?"

"Kwani nani kakwambia wanarudi?"

Kaka alikuwa na tabia moja ambayo lazima niieleze. Zamani wezi walimfuata ndani ya nyumba tupu, wakampiga, wakamfunga kwa waya wa pasi. Tangu siku hiyo, akiingia nyumba ya mtu, alijifungia kwa ndani na kuuacha ufunguo tunduni, ameuzungusha nusu. Ukiwa hivyo, hata mwenye ufunguo wa pili hawezi kuuingiza kutoka nje. Alitufundisha sote tufanye hivyo. Mimi hadi leo nafanya.

Wifi yangu, mke wake, alikuwa mfanya usafi hospitalini. Alipata kazi ya kutunza wazee katika nchi nyingine, akaenda na binti yao. Kaka akabaki, na makubaliano yalikuwa atafuata karatasi zikitoka. Tangu hapo alikula kwangu jioni, na simu ya wifi ilipigwa mezani kwangu, tukaisikiliza wote.

Karatasi zilitoka. Hapo ndipo matatizo yalipoanza.

"Mume wangu, hizi karatasi zina mwisho. Zikipita hawatoi tena."

"Nimesikia."

"Umesikia au umeelewa?"

"Nipe muda, mama. Niweke nyumba za watu sawa."

"Nyumba za watu! Wifi, upo hapo? Msikie kaka yako. Kumbe mimi nimeolewa na mlinzi wa mahame."

"Mimi simo," nikasema. "Mwenye mume ni wewe."

"Mume gani? Mume analala na funguo!"

Tulicheka, na yeye alicheka, lakini mwisho wa kicheko chake ulikatika vibaya. Kisha binti akachukua simu. Alikuwa na mambo ya kumweleza baba yake: shule, baridi, na mlango.

"Baba, mlango wetu huku hauna ufunguo. Tunabonyeza namba tu."

Kaka akaweka kijiko chini. "Na mkisahau namba?"

"Tunapiga simu."

"Kwa fundi?"

"Hapana, kwa kampuni. Wanaufungua wakiwa hukohuko ofisini kwao. Hawaji hata."

Simu ilipokatwa alikaa akiviangalia vidole vyake. Vilikuwa vyeusi kwenye kucha, weusi ule usiotoka kwa sabuni yoyote.

"Mdogo wangu," akasema, "wewe ungepewa uchague, ungekwenda kuishi nchi ya watu?"

"Mungu akiniambia nenda, nitakwenda."

"Sikukuuliza Mungu atasema nini. Nimekuuliza wewe."

Nikamwambia sijui, na ni kweli sikujua.

"Hapa nikipita barabarani," akasema, "mtu akiangalia mlango wake ananikumbuka. Kule nitapita kama moshi. Nitambadilisha mzee wa watu suruali, nitarudi jioni, nitabonyeza namba."

"Utakuwa na mkeo."

"Ndiyo hapo sasa."

"Na mwanao."

"Nimesema, ndiyo hapo sasa."

Nilimwombea kila asubuhi. Sikuomba aende wala abaki. Niliomba tu ndoa yao isivunjike, kwa maana nilikuwa namsikia wifi sauti yake ikipungua wiki hadi wiki. Mke anayegomba bado yupo, lakini wifi sasa alianza kuuliza habari za afya na kuaga.

Kilichomwamsha kaka hakikutoka kwa mkewe. Jumamosi moja alirudi kutoka kwenye mzunguko wake, akaweka ufunguo mmoja juu ya meza yangu kama mtu anayeweka jino lililong'oka.

"Mwenye nyumba ya kona amefariki," akasema. "Kumbe muda mrefu. Amezikwa hukohuko alikohamia. Mwanawe kanipigia leo, ananiambia nimtafutie mnunuzi."

"Mungu amrehemu."

"Nimekuwa nikimfungulia marehemu madirisha, mdogo wangu. Nampunguzia joto mtu aliye kaburini." Akausukuma ufunguo pembeni, akasema, "Hawa hawarudi. Muuza mitumba ana akili kuliko mimi. Naenda kwa mke wangu."

Alimpigia papo hapo. Wifi alipiga kelele za furaha mpaka nikahofia majirani zake. Halafu sauti yake ikaja ndogo sana: "Usinichezee, tafadhali. Sina nguvu ya kuchezewa."

"Kata tiketi," kaka akamwambia.

Ikakatwa. Kaka akaanza kurudisha funguo, huu kwa shangazi wa mwenye nyumba, ule kwa binamu. Aliwafuata wote makwao na kumwonesha kila mmoja jinsi ya kufungua kitasa chake, maana vitasa vya zamani vina tabia kama watu. Alimnunulia binti yake pipi zile zinazouzwa kwenye duka la dawa. Akanunua koti kwa jirani yake wa mitumba.

"Kitasa, koti hili ni la mtu wa saizi yako na nusu."

"Hiyo nusu nitaijaza hukohuko."

"Basi ukifika uniletee mwenye koti, nimuulize alikufa au alihama."

"Kwani kuna tofauti?" kaka akasema, na wote wakacheka. Mimi nilikuwepo. Sikulipenda neno lile hata siku ile.

Ubaoni ukabaki ufunguo mmoja, wa nyumba ya Daktari. Daktari alihama na ukoo wake wote, hakuacha hata mpwa. Alimwambia kaka kwa simu kwamba atakuja wakala kuuchukua ufunguo, lakini kabla ya hapo afunge maji na kufunika viti. Jumamosi baada ya chakula cha mchana kaka akaenda. Mlango wa nyumba ile alikuwa ameutengeneza kwa chuma, yeye na mchomeleaji wa mtaa wa pili, baada ya Daktari kuvunjiwa. Madirisha yote yalikuwa na nondo.

"Nikitoka huko nakuja tusali," aliniambia, "halafu unikalie juu ya sanduku lifungike."

Nilisubiri. Nilipiga simu yake, ikaita bila kupokewa. Nikajifunga kitambaa kichwani nikaenda.

Nilipiga hodi kwa kiganja. Nikapiga tena. Ndipo nikasikia sauti yake, mbali, kama mtu anayesemea ndani ya mtungi.

"Nani?"

"Mimi, kaka. Fungua."

"Siwezi. Nimeanguka."

Alikuwa amepanda darini kufunga koki ya tangi, ngazi ikateleza. Aliangukia ukingo wa bafu. Nyonga ilikataa kabisa, akasema, na tumbo lilikuwa gumu kama ubao.

"Simu yako iko wapi?"

"Niliisikia ikiita jikoni. Wewe ndiye uliyekuwa ukipiga?"

"Nikimbilie ufunguo wa pili, ule wa kwenye kopo la tupa kibandani?"

"Usijisumbue. Huu niliuacha tunduni. Unajua kawaida yangu."

Nilijua. Nilipiga yowe, watu wakaja. Mchomeleaji alikuja na mashine yake ya kukatia chuma, akatafuta pa kuichomeka, kisha akasimama ameshika waya mkononi. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Akatupa mashine chini akakimbilia mitungi yake ya gesi. Wengine wakaanza kuupiga mlango kwa nyundo kubwa.

Kaka akaita kutoka ndani. "Nani huyo anapiga mlango? Mwambie apumzike. Huo hata Kiyama kitaupigia hodi."

Watu wakacheka. Mungu anisamehe, nami nilicheka.

"Pigeni ukuta," akasema. "Chini ya dirisha la jikoni. Pale mwashi alimwibia Daktari saruji."

Wakazunguka nyuma. Nikabaki mimi na mlango. Nilipiga magoti kwenye kizingiti, shavu kwenye chuma, ili nimsikie. Nyundo zilianza upande wa pili, na kila zilipotulia nilisikia pumzi yake.

"Koti umelifua?" akaniuliza.

"Nimelifua, liko kwenye kamba."

"Bado linanuka yule mtu?"

"Linanuka sabuni tu."

"Afadhali." Kisha akasema, "Omba."

"Niombe nini, kaka?"

"Chochote. Kwa sauti. Nisikie mtu."

Nikaomba. Niliombea nyonga yake, nikaombea mikono ya wale waliokuwa wakipiga ukuta. Kila nilipofika mwisho alisema amina, na mimi nikaanza ombi jingine ili nipate amina nyingine. Nikamwombea wifi. Amina. Nikamwombea binti yake, na safari, na ndege iwabebe salama wote watakaopanda. Amina, ndogo sana. Nikaombea nyumba zote za mtaa wetu zilizofungwa, na waliozihama, Mungu awakumbuke huko walipo.

Nikasubiri. Nyuma ya nyumba nyundo zilikuwa zikipiga. Nikaita, "Kaka, sema amina."

Ukuta ulitoboka muda si mrefu baada ya hapo. Mwashi alikuwa ameiba saruji kweli. Kijana mwembamba wa duka la dawa alipenya, nikasikia hatua zake zikija sebuleni, zikisimama, kisha zikija mlangoni. Ufunguo ulizunguka bila sauti. Kaka alikuwa amekipulizia kitasa unga wa penseli alipoingia, kama kawaida, na mlango ule mzito ukafunguka kwa kidole kimoja.

Tulimkimbiza hospitali kwa sababu watu hukimbiza. Walichotuambia pale nilikuwa nimekwisha kukisikia kwenye kizingiti.

Wifi hakuja kumzika. Karatasi zake ni za namna ambayo akitoka hawezi kuingia tena, na mtoto yuko shule, na kazi ndiyo wanayoila. Nilimshikia simu juu ya kaburi mpaka mkono ukafa ganzi, ili aone. Hakuweza kulia kwa sauti kwa sababu mzee anayemtunza alikuwa amelala chumba cha pili. Mhubiri alisema maneno mazuri kuhusu mlango wa mbinguni. Najua alitaka kunifariji. Nilitazama viatu vyangu mpaka alipomaliza.

Daktari naye alipiga, akatoa pole ndefu, ya kweli nadhani. Mwishoni akakohoa. "Na mlango je?"

"Mlango ni mzima, Daktari. Kilichotoboka ni ukuta."

"Ah," akasema. "Basi pole sana."

Sijamkasirikia Mungu. Nimemuuliza tu, na bado namuuliza, kwa nini amina ya mwisho aliichukua yeye mwenyewe badala ya kuniachia mimi. Nasali na kuuliza, nauliza na kusali. Nimeambiwa inaruhusiwa.

Siku ya safari ilifika ikapita. Jioni yake binti alipiga mwenyewe, bila mama yake kujua. Sauti yake ilikuwa imeanza kuchukua mwendo wa lugha ya huko.

"Shangazi, niambie ukweli. Mama anasema baba alikuwa anakuja. Lakini alisema anakuja mara nyingi. Alikuwa anakuja kweli?"

Nilikuwa nimekaa kibandani nikikusanya vitu, maana aliyempangisha kaka alikitaka kibanda chake. Mashine nilikuwa nimekwisha kuifunga kwa gunia. Mbele yangu palikuwa na ule ubao.

"Nauangalia ubao wake wa funguo," nikamwambia. "Unaukumbuka?"

"Naukumbuka. Ulikuwa umejaa. Nilikuwa naupiga kwa fimbo unalia."

"Hauna hata ufunguo mmoja, mwanangu. Imebaki misumari."

Kisha nikamsikia akilia vizuri, kwa sauti, kama mtoto anavyopaswa kumlilia baba yake, na sikumkataza.