Nimefungua 504 ya Mzee na kuirudisha, imebaki bolti moja na harusi ni Jumamosi

Wakuu, shilingi 186,400.

Hiyo ndiyo bei ya kufungua gari ya mzee wangu mpaka ikabaki ganda, halafu kuirudisha. Risiti nimehesabu mara mbili. Mara ya kwanza ilikuja 186,150, kisha nikapata risiti ya grisi kwa mfuko wa suruali.

Kwa hiyo pesa nimepata gari inayowaka kwa ufunguo, rangi ya maziwa kama zamani, na bolti moja ambayo sijui ni ya wapi.

Hiyo bolti ndiyo imenileta hapa. Nitawaambia yaliyotokea jinsi yalivyotokea, na pale ambapo ujinga ulikuwa wangu nitasema ni wangu. Someni polepole lakini jibuni haraka. Leo ni Jumatano na gari inatoka Jumamosi saa mbili asubuhi.

Gari ni 504 station wagon, ile ndefu ya viti safu tatu. Mzee ni mwalimu mstaafu, boma letu liko Sindo. Kwa hiyo gari alipeleka dada zangu wawili kanisani siku zao za harusi, yeye mwenyewe kwa usukani, kofia kichwani, bila kuzidi hamsini. Halafu gari ikalala. Miaka tisa chini ya banda la mabati, kuku wakataga kwa kiti cha nyuma mpaka wakaona ni kwao.

Amebaki dada mmoja, Akinyi, kitinda mimba. Anafunga ndoa Homa Bay Jumamosi hii.

Alipotangaza tarehe, Mzee aliniita kando akauliza, "Hiyo gari inaweza?"

Mzee wangu si mtu wa kuuliza kitu mara mbili. Nikasema inaweza. Wakati huo sikuwa nimefungua hata boneti.

Kosa la kwanza hilo.

Mimi kazi yangu ni broker kule Migori. Generator, pampu za maji, mashini za posho, chochote chenye injini na mwenye shida. Najua bei ya kila kitu na matumizi ya vichache. Kwa hivyo nikatafuta fundi, mzee mmoja wa Ntimaru anaitwa Marwa, aliyejifunza kazi kwa hizi 504 wakati zilikuwa taxi. Yeye alitaka kulipwa kwa siku, mimi nikataka kwa kazi. Tulivutana kutoka chai ya kwanza mpaka ya tatu, nikashinda.

Nilijisifu wiki nzima. Baadaye nikaelewa kwamba fundi wa kulipwa kwa kazi ana haraka.

Tukaanza. Mimi naenda Sindo wikendi, siku za wiki niko Migori natafuta spare. Na hapa wacha niseme yale nimejifunza, kwa wale wako na gari ya zamani na moyo mwepesi.

Piga picha kabla ya kugusa spana. Lakini weka mkono wako ndani ya picha, ama kipande cha karatasi kilichoandikwa kushoto au kulia. Mimi niko na picha 640. Kama mia mbili ni za chuma cheusi ndani ya giza. Hata hicho chuma ukikiuliza hakijijui.

Ukitoa kitu, rudisha bolti zake kwenye mashimo yake hapo hapo, kwa vidole tu. Tulifanya hivyo kwa milango na hizo hazijatusumbua hata dakika moja.

Breki fungua upande mmoja. Ule mwingine uache mzima uwe mwalimu wako. Ukifungua zote mbili kwa pamoja utabaki unauliza chuma maswali.

Waya bandika tepu ncha zote mbili, si moja. Ncha moja peke yake ni barua bila anwani.

Bolti iliyoshika kutu usipigane nayo. Mwagia diesel jioni, igonge kidogo, asubuhi anza kwa kuikaza nusu nywele kabla ya kulegeza. Marwa alinionyesha hii baada ya mimi kukata tatu.

Na hesabu. Nilihesabu kila bolti iliyotoka, mara mbili, nikaandika kwa makaa ukutani mwa banda: 318. Screw ndogo ndogo sikuweka.

Sasa tuje kwa mikebe.

Bolti zilihitaji mahali pa kukaa. Kwa store ya Mama kulikuwa na gorogoro kumi na moja, ile mikebe ya kilo mbili ya kupimia. Mama anauza omena, wale dagaa wa ziwa. Wakati huo mwezi ulikuwa mkubwa na ziwa lote linang'aa, na mnajua omena huvuliwa usiku wa giza, taa ndiyo inawaita. Mwezi ukiwa hivyo hakuna omena, na mikebe haina kazi. Nikaichukua yote. Mmoja injini, mmoja gearbox, mmoja usukani, hivyo hivyo mpaka kumi na moja, tepu na maandishi kila mmoja. Ilipendeza. Nikapiga picha, na hiyo ilitoka vizuri.

Kitu sikufikiria ni kwamba mwezi huisha.

Wikendi mbili baadaye nafika nyumbani nakuta mikebe haiko. Kwa banda kuna karai moja kubwa, na ndani ya karai kuna 504 yote.

Mama alikuwa anaanika. Nikamuuliza pole pole.

"Nyathina, mwanangu, omena imetoka," akasema. "Watu ningewapimia na nini, na mikono?"

"Mama, niliandika juu. Usukani. Breki."

"Niliona. Mwandiko wako umekuwa mzuri." Akageuza omena na ufagio. "Hakuna hata moja nimetupa. Nilimwaga zote pamoja ndiyo zisipotee."

Wakuu, ningekuwa nakasirika na nani? Mikebe ni yake. Niliitoa bila kuuliza kwa sababu nilijua akiniuliza narudisha lini sitakuwa na jibu. Watu wa ziwa tumekuwa tukiangalia mwezi tangu tuzaliwe, na mimi nikasahau kuuangalia kwa sababu siku hizi nakaa Migori na naangalia bei.

Kosa la pili. La tatu lilifuata siku hiyo hiyo. Nilimwambia Marwa aoshe karai yote kwa petroli tuanze upya na kitu safi.

Akaniangalia. "Boss, una uhakika?"

"Osha."

Alikuwa amefika nusu alipoacha, akachukua moja chafu na moja safi, akaniwekea mbele. "Hii nyeusi ya oil imetoka injini. Kuna zingine hapa ziko na udongo mwekundu, hizo ni za chini, kwa magurudumu. Zenye rangi ya maziwa kwa kichwa ni za body. Hii nimekuoshea, sasa ni ya wapi?"

Uchafu ulikuwa unaongea na mimi nimeulipia petroli unyamaze.

Kwa hivyo andikeni hii kama hamtaandika nyingine: usioshe bolti kabla hujajua kwao ni wapi.

Tulipanga zile chafu kwa uchafu wake. Zile safi tulipanga kwa urefu, kwa meno, na kwa kujaribu shimo moja moja. Siku nne. Marwa alianza kuimba wimbo wa kanisa, aya moja tu, tena na tena.

Katikati ya hiyo shida starter ikafa. Nikasikia kuna 504 Masara kwa machimbo. Nikaikuta imekatwa katikati, mwili wa nyuma hauko, diff yake, ile ya kuzungusha magurudumu, inavuta kamba ya shimo la dhahabu. Mwenyewe alitaka elfu kumi na tano kwa starter.

"Kwani ndani iko na dhahabu?"

"Ingekuwa na dhahabu," akasema, "ungenipata hapa naongea na wewe?"

Nikaondoka mara mbili. Mara ya pili hakuniita, nikarudi mwenyewe kama mtu aliyesahau kofia. Tukamaliza elfu sita na mia tano, na bolti zake tatu juu.

Hizo tatu kumbukeni, zinakuja tena.

Wiki iliyopita injini ikawaka. Mzee alikuwa amekaa kwa kiti chake kivulini. Aliingia ndani ya nyumba, akatoka na ile kofia.

Mimi sikuketi kufurahi. Nilienda kuhesabu.

Hesabu ni hivi. Zilitoka 318. Kati ya hizo 27 ziliharibika, zingine zimekatika, zingine meno yameisha, tukaweka mpya 27. Kwa hivyo kwa karai zinafaa kubaki mbovu 27.

Zilikuwa 28.

Nikahesabu tena. 28. Nikazitandaza kwa gunia. 27 ni mbovu hata kipofu ataona. Ya 28 ni nzima. Imenyooka, meno yako sawa.

Nikampigia Marwa simu, tayari amerudi Ntimaru kuvuna mahindi yake.

"Kila gari hubaki na bolti," akasema. "Zikirudi zote watu watasema sikufanya kazi."

"Marwa, ni harusi."

"Basi hiyo ni ya starter ya Masara."

Zile tatu za starter ni fupi, na sikuzichanganya kwa karai. Hii ni ndefu. Nikamwambia. Nikasikia mahindi yakivunjwa.

"Gari inatoa sauti yoyote?"

"Hapana."

"Mm," akasema. Hiyo "mm" ndiyo nimekuwa nikiishi nayo tangu Ijumaa.

Nimeendesha gari Sindo mpaka Mbita na kurudi, mara mbili, vioo chini, redio imezimwa. Hakuna kelele. Ingekuwa na kelele ningeshukuru, ningejua pa kuanzia. Nimeingia chini na tochi. Nimeangalia usukani, breki zote nne, mounting za injini na za gearbox, shock za nyuma, viti. Zote ziko. Nikaamua kuhesabu mashimo matupu. Kumi na nne. Mara ya pili kumi na sita. Inaonekana hii gari ilitoka kiwandani na mashimo ya ziada, na sijui ni yapi yalizaliwa matupu.

Nakula nusu sahani. Nikisikia pikipiki inapita nafikiria ni kitu kimeanguka.

Jana nikaona siwezi kukaa nayo peke yangu. Mzee alikuwa sebuleni anajaribu koti la harusi, Mama anamvuta mabega. Nikamwekea bolti mkononi.

"Baba, imebaki moja."

Akaigeuza. "Gari inatembea?"

"Inatembea."

"Inasimama?"

"Inasimama."

"Sasa?"

"Sasa sijui ni ya wapi."

Akaifuta kwa leso vizuri, upande huu na ule, akaitia kwenye mfuko wa ndani wa koti. "Tutaenda nayo. Ikihitajika njiani, tutakuwa nayo."

Mama akasema, "Na mtaifunga na nini, na maombi?"

"Mwanao atakaa nyuma na spana."

Kwa hivyo ndivyo ilivyopangwa. Mbele Mzee na Mama. Katikati Akinyi na gauni lake na msimamizi wake. Safu ya tatu mimi, suti na spana namba kumi na saba.

Somo langu si refu. Usiseme gari inaweza kabla hujafungua boneti. Usimlipe fundi kwa kazi kama kazi ni ya kubeba watu unaowapenda. Mkebe wa mtu una tarehe yake ya kurudi hata kama hajaitaja. Na kuhesabu mara mbili hakusaidii kama hukuweka alama mara moja. Nilijua nambari yote na sikujua mahali pa hata moja.

Sasa naomba ushauri. Picha sina, bolti iko kwa koti na koti limefungiwa kabatini. Lakini vipimo nilichukua mara mbili kabla ya kuitoa mkononi. Kichwa namba kumi na saba. Urefu sentimita tisa bila kichwa. Meno yako mwisho tu, kama sentimita mbili na nusu, na katikati chuma kimeng'aa kama kilichokuwa kinapita ndani ya bush ya mpira kwa miaka mingi. Kwa hivyo mahali fulani ilikuwa inafanya kazi.

Waliowahi kufungua 504 station wagon, mngeanza wapi? Nyuma au mbele? Nina siku mbili na nusu, jeki moja, na magurudumu ya nyuma nimeshayatoa asubuhi hii.

Na kama jibu lako ni kwamba haina shida, sema pia kama wewe ungempandisha dada yako.